Mwaka wa Ng'ombe wa Chuma

Nilichelewa mazishi ya Mzee Lemayian. Habari ilinikuta Dodoma kwa mwanangu, na nilipofika Endulen watu wa mbali walikuwa wameshaondoka, wamebaki wa nyumbani na kimya chao. Naserian, binti yake, alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, akanikalisha juu ya kitanda kilichotandikwa shuka la bluu, akanimiminia chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati bila kuniuliza sukari kiasi gani, kwa sababu anajua. Manyunyu yalikuwa yakigonga bati, na chini ya dirisha wajukuu walikuwa wanabishana kwa Kiswahili cha shule. "Yule bibi aliyeingia ndiye aliyemchomelea babu ng'ombe," alisema mmoja. "Muongo mkubwa wewe," mwenzake akajibu. "Ng'ombe anachomelewa? Ng'ombe ni geti?" Naserian alianza kucheka, akijiziba mdomo kwa pindo la shuka, nami nikamfuata hadi chai ikanimwagikia gauni. Wanawake wawili wenye mvi wanacheka ndani ya nyumba ya msiba. Mpita njia angesema hatukulelewa. Nadhani marehemu mwenyewe angeomba aelezwe kinachochekesha, kisha angesema hakichekeshi hata kidogo.

Wajukuu wale wana haki ya kubisha. Hata mimi, ninapousimulia mwaka ule, nasikia jinsi unavyoonekana kama hadithi ya kutunga. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, fundi wa kuchomelea katika gereji moja ya Karatu, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliokwisha kuchoka kunitania. Magari ya watalii yalitushukia kutoka Ngorongoro yakiwa yamekatika springi na kutoboka rejeta, sisi tukayafunga vipya, na vya zamani tukavitupa nyuma ya gereji, ambako lundo la vyuma chakavu lilikuwa limekaribia kimo cha ukuta. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na binti wa Kimaasai aliyeuza shanga kwa wageni, ndiye Naserian. Alianza kuvuka kuja kuokota vitu kwenye lundo letu: beringi zilizokufa, washa, nyaya za breki, vifuniko vya chupa. Hakuomba wala hakuiba. Aliokota kama mtu anayechuma mboga shambani kwa mama yake. Siku moja nikamuuliza anavipeleka wapi. Akarudi kesho yake na mkufu wa beringi na nyaya, umesukwa kwa ule ustadi wa wanawake wa kwao, ila ulikuwa mkubwa mno, shingo ya mtu ingepita humo pamoja na mabega.

"Ni wa nani huu?" nikamuuliza.

"Bado hayupo," alisema. "Wewe una moto. Mtengeneze."

Tulimtengeneza kutokana na pipa la oili na shokapu nne, akawa punda. Tukamvisha mkufu wake, tukamsimamisha mbele ya gereji. Madereva walisimama kumcheka, kisha wakaanza kusimama kumpiga picha, na bosi wangu, aliyekuwa amenuna mwanzoni, akaanza kuwaelekeza wateja kwa simu: "Ukiona punda, umefika." Tangu hapo Karatu nzima ilituita Wale Wawili. Mimi nilichoma na kukata, yeye alisuka na kufunika. Mimi nilijua nini kitasimama bila kuanguka, naye alijua nini kinastahili kusimama. Nimefanya kazi na watu wengi baadaye, wengine wenye vyeti vya nchi za mbali, na bado sijapata mtu ambaye ninaweza kumpa kipande cha chuma bila neno naye akakielekeza mahali pale pale nilipokuwa nikipafikiria.

Tulipanga chumba kimoja kwa Mama Flora, mjane, Mwiraqw kama mimi, upande wa juu wa mji ambako udongo mwekundu huingia hata ndani ya mto wa kulalia. Kilikuwa na vitanda viwili, kalenda ya parokia, na chini ya vitanda vyote viwili madebe, ringi na mabomba ya ekzosi, kiasi kwamba kila ukigeuka usiku kitu kililia. Tulikula makande ya Mama Flora karibu kila jioni, jikoni kwake, kwenye viti vya chini, macho yakitoka machozi kwa moshi. Mama Flora hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa amelelewa kwenye hadithi za Wamaasai kuja kuchukua ng'ombe, na hadithi hizo hazikuwa zimeambiwa kwamba Naserian ni mpangaji anayelipa kwa wakati. Alizungumza na jirani yake kwa Kiiraqw, sufuria ikichemka katikati yetu, akijua kwamba mimi nitanyamaza na yule mgeni hasikii. "Huyu hata akilala anaota zizi letu," alisema. "Angalia anavyomtazama ndama wangu." Miezi ikapita hivyo. Jioni moja, katikati ya maneno kama hayo, Naserian aliweka bakuli lake chini akasema taratibu, kwa Kiiraqw chenye lafudhi ya Kimaasai lakini kisicho na kosa, kwamba maharage yanaungua, na kwamba ndama yule ana minyoo, ndiyo maana anamtazama. Jirani alikimbia. Mama Flora alibaki ameshika mwiko. Halafu akauliza, kwa Kiswahili safi, "Minyoo gani?" Kuanzia siku ile aliacha kumwita huyu, akamwita mwanangu.

Ndipo loji moja ya huko juu Ngorongoro ikatuagiza tembo. Kila loji ilitaka tembo au simba, lakini hii ilitaka tembo mkubwa kuliko gari, wa kusimama langoni, akiwa ametengenezwa kwa vyuma vya magari yaliyokufa kwenye safari. Meneja alikuwa kijana mchangamfu mwenye haraka, anayeongea huku anatembea. Kwangu mimi ilikuwa kazi ya maisha. Nilichora masikio yake ukutani kwa mkaa, nikalala nikiyatazama. Tulikuwa tumekwisha kusimamisha miguu miwili ya mbele wakati mvua ya vuli iliposhindwa kuja, na ile ya masika nayo ikaja siku chache ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba.

Ukame wa wakulima unauona shambani: mahindi yanakunja majani, yanakuwa rangi ya karatasi. Ukame wa wafugaji tuliuona barabarani. Malori ya kushuka yalibeba ngozi. Akina mama kutoka Endulen walikuja soko la Karatu wakiwa na macho ya watu wasiolala, na Naserian alitoka kwenye meza yake ya shanga kwenda kuuliza habari za boma lao, kila mara akarudi na habari mbaya kuliko ya jana. Mwishowe akaja baba yake mwenyewe. Ng'ombe wachache waliopona, kaka yake Naserian alikuwa amewaswaga kuelekea Arash kutafuta majani, na mzee, ambaye miguu yake haikuweza tena safari ile, aliletwa kwa binti yake mjini kama mzigo wa kuhifadhiwa. Alikuwa mrefu, amekonda, na ugoro wake kwenye kikopo kilichoning'inia shingoni. Mama Flora alimpa stoo ya nafaka, ambayo mwaka ule ilikuwa tupu hata hivyo. Mzee akaingia, akaketi juu ya kigoda, akageuzia uso ukutani.

Hakula. Chai alionja akaacha. Daktari wa mjini alimpima akasema moyo ni mzima na mapafu ni mazima. Siku zikaenda, shuka likazidi kumwia kubwa. Mama Flora, aliyempikia uji kwa mkono wake, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, nilimuona baba mkwe wangu akienda hivi hivi. Mtu akiamua, hachukui muda." Asubuhi moja, kabla jua halijapanda vizuri, nilipita karibu na stoo kwenda kuchota maji nikamkuta Naserian amesimama mlangoni, kanga kichwani, hasogei. Ndani mzee alikuwa anaita. Hakuwa akilia wala kuweweseka. Aliita kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu aliyesimama langoni mwa zizi wakati mifugo inaingia, jina baada ya jina, akiacha nafasi kidogo baada ya kila moja, kama anayengoja mnyama apite.

"Anawataja kwa rangi zao," Naserian aliniambia. "Arus ni yule wa mabaka meusi na meupe. Sampu ana michirizi ya kijivu. Yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda alikuwa wa mama. Wote hao wamekufa, Paskalina. Anawaingiza zizini na hawaji."

Tulienda gerejini. Nilikuwa nimeshavaa glavu wakati aliposimama mbele ya miguu ya tembo na kuipiga teke.

"Tumuache huyu. Tumtengenezee baba ng'ombe."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia loji inasubiri, vyuma tumeshakata, na nani amewahi kusikia mtu akiponywa kwa mabati. Kisha nikasema lililokuwa linanitisha kweli: kwamba pengine itakuwa kama kumfufulia mtu maiti mbele ya macho, na mzee ataondoka haraka zaidi. Tulibishana mpaka bosi akaja kutuuliza kama tunaendesha mnada. Naserian hakupandisha sauti. "Wewe umeona mtu anayeanza kuondoka," alisema. "Mimi nimeona mtu anayeita. Anayeita, anaitikiwa." Nilichukua msumeno wa chuma, nikaanza kumkata tembo magoti.

Meneja wa loji tulimwambia ukweli, akakasirika, akatembea huku na huko akiongea na simu ambayo nadhani haikuwa na mtu upande wa pili. Shamba tulipewa na Mzee Daniel, katekista mstaafu wa Kiiraqw, ambaye mahindi yake kando ya barabara yalikuwa yamekauka yote. "Hapa hapana cha kuharibu," alisema. "Wekeni mnachotaka mpaka Mungu atakapokumbuka kunyesha." Tukaanza. Mbavu tulizikunja kwa nondo, miguu kwa shokapu na mabomba, nundu kwa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, na pembe kwa springi za magari, ambazo tayari zina ule mkunjo mzuri, unahitaji tu kuzinoa ncha. Kazi ngumu ilikuwa rangi. Naserian hakukubali rangi ya kopo hata tone. Weusi ulitoka kwenye tairi zilizopasuka, tulizozikata vipande vya ukubwa wa kiganja na kuvishona kwa waya kimoja kimoja. Weupe ulitoka kwenye madebe ya mafuta ya kula yaliyogeuzwa ndani nje. Wekundu tuliupata kwenye mabati yenye kutu, kijivu kwenye makopo ya maziwa ya watoto yaliyosuguliwa mchanga. Watu wakaanza kutuletea: watoto ndala zilizokatika, mafundi vifuniko vya ringi, Mama Flora trei lake la bati la siku ya harusi, lililotoboka, ambalo likawa kipaji cha uso cha Arus.

Mzee hatukumwambia. Tulipanga kumleta siku tutakapomaliza. Lakini nyumba ya Mama Flora haikuwahi kutunza siri hata ya sukari. Alasiri moja, wa tano akiwa bado hana kichwa, nilivua miwani ya kuchomelea nikaona mtu mrefu anakuja kando ya barabara, fimbo mabegani, polepole, mbwa wawili wa mjini wakimfuata kwa udadisi. Naserian alishika mkono wangu kwa nguvu hadi kucha zikaniingia. Mzee Lemayian alipita katikati ya ng'ombe bila kutusalimia. Alimzunguka Arus. Alisimama mbele ya Sampu muda mrefu sana. Sikuweza kuusoma uso wake. Nilikuwa natazama mikono, nikingoja kuona kama fimbo itapanda. Kisha akanyoosha kiganja akakiweka juu ya mgongo wa bati, pale penye nundu, akakiacha hapo.

"Nani amewaambia Sampu alikuwa mnene?" aliuliza.

Naserian aliuachia mkono wangu.

"Hakuwahi kuwa mnene. Alikuwa na tabia ya kusimama anawaza wakati wenzake wanakula. Na hii pembe." Akaigonga kwa fimbo, ikalia. "Inakwenda huku. Nyinyi mmeipeleka wapi? Nairobi?"

Naserian alikaa chini kwenye mashina ya mahindi makavu akafunika uso. Mimi nilichukua grenda nikaikata pembe ile mbele yake, nikaielekeza alikotaka. Jioni hiyo mzee alikula makande. Alisema yamezidi chumvi, akaongezwa.

Baada ya hapo alikuja kila siku, na ninakiri kwamba kuna siku nilitamani arudi ukutani kwake. Alibishania mikia. Alibishania kwato. Alituagiza tumhamishe ng'ombe mzima kwa sababu ng'ombe huyo hakuwahi kupenda kusimama karibu na yule tuliyemweka jirani yake. Mzee Daniel alileta kigoda akakaa naye, wakawa wanazozana kuhusu ni lini hasa Wamaasai walimwibia babu yake Mzee Daniel, na kama walikuwa kweli ni Wamaasai au Wabarbaig. Nilisikia vicheko vyao juu ya mlio wa grenda. Wafugaji waliokuwa wanapita kwenda sokoni walianza kukata kona kuingia shambani. Wengine walisimama tu. Mwanamke mmoja alimkuta ng'ombe anayefanana na wa kwake, akakung'uta vumbi mgongoni mwake kwa kanga, akaenda zake. Kijana mmoja wa rika la kaka yake Naserian alituambia kwa ukali kwamba tunacheza na msiba wa watu, na kwamba ng'ombe asiyekula ni dhihaka. Mzee Lemayian alimsikiliza mpaka mwisho. "Kweli hawali," alimjibu. "Ndiyo maana hawafi. Keti." Yule kijana akaketi.

Meneja naye akaja, bila simu safari hii. Alizunguka kundi, ambalo sasa lilikuwa limepita kumi, akasema hataki tena tembo, anataka hawa, wote, na gari la kuwabeba analo. Mimi na Naserian tulitazamana. Ningesema uongo nikisema sikutamani. Ilikuwa kazi yetu nzuri kuliko zote, na pale langoni dunia nzima ingepita mbele yake. Lakini tulijua bila kuambizana kwamba swali hilo si letu. Naserian akamtafsiria baba yake, ingawa mzee alikuwa ameelewa kila kitu.

"Hawauzwi," alisema mzee. Kisha, meneja alipokwisha kugeuka, akamwita. "Kijana. Nimesema hawauzwi. Sijasema hawatolewi."

Mvua ilikuja mwishoni mwa mwaka, kweli kweli, ile ya kufanya mifereji ya Karatu iwe mito ya tope. Kaka yake Naserian alipiga simu kutoka Arash kwamba waliopona wamenenepa na mmoja amezaa. Mzee Daniel alikuja na kofia mkononi, akijikuna shingo, kuomba shamba lake alime. Asubuhi iliyofuata Mzee Lemayian alivaa shuka jekundu safi, akatuita wote shambani, akagawa ng'ombe wake kama mtu mwenye boma lililojaa. Wa kwanza alimpa Mzee Daniel. "Miaka yote mnasema sisi tunakuja kuchukua," alisema. "Leo andika kwamba tumeleta." Mzee Daniel alicheka hadi akashika tumbo, kisha nikaona anafuta macho kwa ile kofia. Mmoja alimpa Mama Flora, kwa sababu ya uji. Mmoja alimpa meneja, bure, akamweleza kwamba aliyepewa ng'ombe ameshakuwa ndugu, kwa hiyo hawezi tena kupita Endulen na wageni wake bila kusimama kusalimia. Meneja, ambaye hakuwahi kusimama popote, aliahidi, na kwa mshangao wetu alitimiza miaka yote aliyokaa kule juu. Wengine walikwenda kwa watu waliopoteza mifugo, na malori ya mchanga yakawabeba kwenda mabomani upande wa Karatu. Nilitazama kazi ya mwaka mzima ikitawanyika barabarani kichwa kimoja kimoja, na nilishangaa kwamba sikuona uchungu. Tangu siku ile sijawahi kuuliza kazi yangu itadumu wapi. Nauliza inakwenda kwa nani.

Aliyebaki alikuwa Sampu. Mzee alinishika mkono, akauweka juu ya ile nundu ya madigadi, akasema maneno kwa Kimaasai ambayo Naserian hakunitafsiria. Halafu akaanza kuondoka kwenda barabarani, ambako gari la Endulen lilikuwa linapiga honi, binti yake akimbebea mzigo. Mimi nilibaki kati ya mashimo yaliyoachwa na miguu ya ng'ombe, maksai wa Mzee Daniel wakifungwa plau nyuma yangu. Mzee alipofika ukingo wa lami aligeuka akaita, "Pakiteng!"

Niliangalia huku na huku kuona anamwita nani.

"Pakiteng!" akarudia, sasa kwa kukereka.

Naserian aliweka mzigo chini, akakusanya mikono mdomoni. "Paskalina! Ni wewe! Ndivyo wanavyoitana waliopeana ng'ombe. Huna tena jina lingine kwake. Itika, gari linatuacha!"

Nikaitika.